Mabati mapya au hati kwanza? Soma hii kabla hujatoa akiba yako kukarabati nyumba ya kuuzwa

Jumapili jioni simu inaita. Ni mama. “Kuja nyumbani, kuna maneno.” Ukisikia “maneno” unajua hujaitwa kunywa chai na chapati tu.

Unafika, unakuta shangazi ameketi, mjomba ameketi, kakako mkubwa anachezea simu. Mama anaeleza polepole. Amechoka na Nairobi. Anataka kurudi ushago alime mahindi yake, afuge kuku, apumue. Dadako naye amepata nafasi chuoni na karo haijulikani itatoka wapi. Kwa hivyo nyumba iuzwe.

Hapo hakuna ubishi. Ubishi unaanza kakako anapoinua macho juu, pale mvua ya Aprili hupenya kila mwaka, na kusema: “Hatuwezi kuuza kitu kikiwa hivi. Tuweke mabati mapya, tupige rangi, tumwage simiti hapo nje. Bei itapanda maradufu.”

Kisha wote wanakugeukia wewe. Manake inajulikana. Una kama Sh150,000 kwenye sacco, pesa ulizoweka kidogo kidogo kwa miaka miwili ukibeba mizigo ya watu kwa pikipiki, au ukisimamia kibanda cha M-Pesa, au ukishinda kwa mjengo juani.

Tulia kwanza. Usiseme ndiyo, usiseme la. Kuna swali moja la kujibu kabla ya kwenda hadwea: mnauza nini hasa?

Usicheke. Kutoka Kibera hadi Kawangware si mbali, ni safari ya matatu tu. Mabati ni yale yale, choo cha pamoja ni kile kile, keretaka wa kukusumbua tarehe tano ni yule yule. Lakini anayeuza nyumba Kibera na anayeuza Kawangware hawauzi kitu kimoja. Ukikosa kuelewa tofauti hiyo, akiba yako itaishia kwenye ukuta usio na faida kwa mtu yeyote.

Kibera unauza kuta, udongo si wako

Tuanze Kibera. Jina lenyewe limetokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Wanubi waliokuwa wanajeshi wa King’s African Rifles waliwekwa hapo na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka wa 1918 eneo la ekari 4,197 likatengwa rasmi. Hati hawakupewa. Uhuru ulipokuja, ardhi ikabaki mikononi mwa serikali. Ni mwaka wa 2017 ambapo jamii ya Wanubi ilikabidhiwa hati ya ekari 288, na hiyo ni hati ya jamii nzima, si ya mtu mmoja mmoja.

Maana yake kwako ni hii: landilodi wa Gatwekera, Lindi, Laini Saba au Kisumu Ndogo ana kuta, ana paa, ana wapangaji. Udongo ulio chini ya kitanda si wake kisheria. Akiuza, anauza jengo na haki ya kuendelea kukusanya kodi. Basi.

Sasa jiweke kwenye viatu vya mnunuzi. Hatakuuliza ukubwa wa shamba. Atauliza vyumba ni vingapi, kila kimoja kinalipiwa ngapi, vingapi viko tupu, maji yanatoka wapi, stima ni ya mita au ni ile ya kuunganishiwa kichochoroni. Anahesabu kodi. Kwa sababu hiyo, ukarabati wowote unaojaza chumba kilichokuwa tupu unaongeza bei. Ukarabati wa kupendeza macho tu hauongezi kitu.

Chukua mfano. Mama ana vyumba sita, kila kimoja Sh3,000 kwa mwezi. Vinne vina watu. Viwili vimebaki tupu tangu mvua, kwa sababu paa linavuja na maji ya mtaro yanaingia mlangoni. Tuseme fundi anasema mabati, misumari, mbao chache, simiti ya kuinua kizingiti na leba ni Sh36,000. Vyumba viwili vikijaa, vinaleta Sh6,000 kwa mwezi. Pesa yako imerudi baada ya miezi sita, na mnunuzi anakuta nyumba inayoingiza Sh18,000 badala ya Sh12,000. Huo ni ukarabati wenye akili.

Sasa mfano wa pili. Kakako anataka kubomoa kuta za udongo za mbele na kuweka za mawe, apige vigae, aweke geti la chuma. Sh150,000 zote zinaisha. Kodi itapanda? Labda kidogo. Lakini mpangaji anayetafuta chumba cha Sh3,000 hatafuti vigae. Na kuna jambo jingine zito zaidi.

Mnamo Julai 23, 2018, matingatinga yaliingia Kibera kufungua njia ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang’ata. Nyumba zilienda, shule zikaenda, makanisa yakaenda, na maelfu ya watu wakabaki wamesimama kando ya vitanda vyao. Tingatinga halikuuliza nani alikuwa ameweka mabati mapya mwezi uliotangulia. Wakazi wa Soweto Mashariki nao walianza kuhamishiwa nyumba za muda Lang’ata mwaka wa 2009 ili mtaa wao ujengwe upya, na nyumba mpya zaidi ya 800 zikakabidhiwa mwaka wa 2016. Huo ulikuwa mpango wa maana, lakini hata hapo mabanda ya zamani yalilazimika kuondoka.

Kwa hivyo Kibera weka kanuni moja kichwani: usitumie pesa ambazo kodi ya nyumba hiyo haiwezi kukurudishia ndani ya miezi sita hadi mwaka. Ziba kinachovuja, inua kinachofurika, tengeneza mlango usiofungika. Ukipita hapo unacheza kamari.

Na kabla ya msumari wa kwanza, tembea. Nyumba iko karibu na reli kiasi gani? Iko chini ya nyaya kubwa za stima? Iko ukingoni mwa mto? Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, serikali iliamuru watu waliokuwa wakiishi ndani ya mita 30 kutoka mitoni wahame, na matingatinga yakafuata. Angalia kama kuna alama ya X ya rangi kwenye kuta za majirani. Uliza wazee wa kijiji, uliza kwa chifu. Kwa miaka mingi hata ruhusa ya kukarabati hapo imekuwa ikipitia kwake, kwa hivyo usianze kazi usiku ukidhani hakuna anayeona. Na ukisikia eneo lina mpango wa barabara au wa nyumba mpya, weka pesa zako mfukoni. Mnunuzi naye mwambie ukweli huo. Kumficha ni kumwibia.

Kawangware mtu ananunua ardhi, mabati ni takataka yake

Sasa panda matatu uende Gatina, Kongo au upande wa Stage 2. Hapa hadithi ni nyingine.

Eneo la Dagoretti lilikuwa sehemu ya ardhi iliyotengewa Wakikuyu enzi za ukoloni. Katika miaka ya 1950 ardhi ikapimwa na kuandikishwa kwa majina ya watu, na wakati wa uhuru eneo hilo likaingizwa ndani ya mipaka ya jiji. Ndiyo maana Kawangware, pamoja na mabati yake yote, ina ploti nyingi zenye hati. Babu alipewa, akagawia wanawe, wanawe wakajenga vyumba vya mbao na mabati kuzunguka ua mmoja wenye mfereji mmoja, wakaanza kukusanya kodi.

Tembea leo uone kinachotokea. Kando ya ua huo wa mabati kumesimama ghorofa, na nyuma yake nyingine. Ng’ambo tu ni Lavington. Anayekuja kununua ploti ya mama ana ramani ya ghorofa tayari. Anapima futi, anaangalia kama lori linaweza kuingia, anauliza laini ya maji taka iko wapi. Vile vyumba ulivyotaka kupiga rangi, yeye anavihesabia gharama ya kuvibomoa.

Hebu fikiria. Unatoa Sh150,000 kwenye sacco, unanunua mabati ya rangi ya damu ya mzee, unapaka kuta, unamwaga simiti ua mzima. Mnunuzi anakuja, anasifu, anasema “pazuri hapa”, kisha anatoa bei ile ile aliyompa jirani ambaye hakugusa kitu. Baada ya miezi mitatu tingatinga lake linabeba mabati yako mapya pamoja na yale ya 1990. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sawa, lakini ukuta ambao mwenye kuununua anaubomoa kesho, ufa wake unauzibia nani?

Ila usichukulie kwamba Kawangware yote ni hivyo. Kama mzazi ana nyumba ya mawe iliyo imara, au ghorofa ndogo yenye wapangaji, mnunuzi anaweza kuwa mtu wa kuishi hapo au kuendelea kukusanya kodi. Huyo utamjua kwa maswali yake: anafungua mifereji, anawasha swichi, anaangalia dari. Kwake rekebisha vitu vidogo vinavyomtia mtu shaka: bomba linalovuja, choo kisichopitisha maji, nyaya zilizo nje, madirisha yaliyovunjika. Rangi pia inasaidia hapo. Lakini ufa mkubwa usiufunike kwa rangi. Mwonyeshe, mpunguzie bei, mlale wote usingizi.

Njia rahisi ya kujua mnunuzi wenu ni yupi ni kuuliza kabla ya kutumia. Waite mabroka wawili watatu ambao hawajuani, waambie nyumba inauzwa ilivyo, usikie bei. Kisha waulize: tukiweka paa jipya, mtaongeza ngapi? Wakinyamaza, umepata jibu lako. Nenda pia kwa jirani aliyeuza mwaka jana, umwulize aliyenunua alifanya nini na jengo.

Karatasi ndizo paa linalovuja

Sasa tuje kwenye ukarabati ambao Kawangware hauwezi kuukwepa. Uko ndani ya sanduku la mama, chini ya kitambaa, kwenye bahasha ya kaki.

Itoe hiyo hati. Iko kwa jina la nani? Mara nyingi utakuta jina la babu aliyefariki ukiwa darasa la tatu. Hapo hakuna rangi itakayosaidia. Chini ya Sheria ya Urithi, ardhi ya marehemu haiwezi kuuzwa kabla mahakama haijatoa na kuthibitisha idhini ya kusimamia mali yake. Kwa kawaida uthibitisho huo huja baada ya miezi sita kupita tangu idhini itolewe, na ndugu wakivutana unaweza kuchukua miaka. Kuuza kabla ya hapo si njia ya mkato. Ni kosa la jinai linaloweza kukupeleka jela hadi mwaka mmoja.

Kama hati ni ya baba na yuko hai, na hiyo ndiyo nyumba ya ndoa, mama lazima akubali. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 haimruhusu mmoja kuuza kimyakimya.

Kisha fanya msako wa hati kupitia Ardhisasa, mfumo wa kidijitali wa Wizara ya Ardhi uliozinduliwa Aprili 2021, au umwachie wakili. Utajua kama kuna mkopo uliowekewa hati hiyo, au kama kuna mtu ameweka zuio. Uliza kaunti ada za ardhi zimelipwa hadi mwaka gani, maana bila cheti kwamba huna deni, uhamisho hausongi. Mwite msoroveya aonyeshe mawe ya mipaka, hasa pale binamu amejenga choo nusu kwako nusu kwake.

Hayo yote yanagharimu pesa, na ni hapo ambapo Sh150,000 zako zinaweza kufanya kazi ya kweli. Ploti yenye mabati yaliyooza na karatasi safi itauzika. Ploti yenye mabati yanayong’aa na hati ya marehemu itavutia watu wa aina moja tu: wale wa kununua kwa bei ya kutupa wakijua mna shida.

Kibera nako, ingawa hakuna hati, andikeni. Makubaliano yawe na majina, nambari za vitambulisho, idadi ya vyumba, bei na mashahidi, na yaseme wazi kwamba kinachouzwa ni jengo. Mtu asije baadaye kudai aliuziwa ardhi.

Weka risiti, KRA anakungoja

Kuna hesabu moja ambayo familia nyingi huisahau hadi siku ya kuhamisha hati. Ukiuza ardhi au nyumba kwa faida, kuna ushuru wa faida hiyo. Ulikuwa asilimia 5, na tangu Januari 1, 2023, ni asilimia 15. Hautozwi kwenye bei yote, unatozwa kwenye faida.

Habari njema ni kwamba gharama ya kuboresha jengo inaondolewa kwenye faida, mradi uwe na ushahidi. Kwa hivyo ukikarabati, kila mfuko wa simiti uwe na risiti. Fundi wa kulipwa mkononi bila karatasi hutampeleka popote. Kuna misamaha pia: mtu akiuza nyumba ambayo yeye mwenyewe ameishi kwa miaka mitatu mfululizo kabla ya kuuza, na pia ardhi ambayo thamani yake haizidi Sh3 milioni. Wakili awapigie hesabu mapema. Ada ya stempu, ambayo mjini ni asilimia 4 ya thamani, humwangukia mnunuzi, lakini jueni kwamba naye anaihesabu anapowaambia bei yake ya mwisho.

Pesa yako ni zawadi, mkopo au hisa?

Hili ndilo swali ambalo vijana huogopa kuliuliza mbele ya wazazi. Ukitoa akiba yako ya miaka miwili kukarabati nyumba isiyo kwa jina lako, nyumba ikiuzwa utarudishiwa? Kakako aliyetoa wazo la rangi atatoa ngapi?

Kuuliza si utovu wa adabu. Sema hivi: “Mama, pesa niko nazo na niko tayari kusaidia. Naomba tu tuandike kwamba nikitoa hizi, zirudi kwanza nyumba ikiuzwa, kabla ya mgao.” Mjomba aweke sahihi kama shahidi. Mkikubaliana kwamba ni zawadi, pia ni sawa, lakini ijulikane leo. Pesa isiyoandikwa ndiyo huwafanya ndugu wasisalimiane kwenye mazishi.

Na kuna watu wengine ambao hawakuitwa kwenye kikao: wapangaji. Kibera wao ndio thamani ya nyumba, kwa hivyo usiwafukuze upige rangi vyumba vitupu. Karabati chumba kimoja kimoja wakiwemo. Kawangware mnunuzi huenda akataka ploti ikiwa tupu. Mkubaliane kwa maandishi nani atawapa notisi, ya muda gani, na deposti zao zitarudishwa na nani. Yule mama wa mboga aliyekaa chumba namba nne tangu ukiwa mtoto asije kugundua nyumba imeuzwa kwa kuona tingatinga.

Rudi sebuleni

Bado wanakutazama. Chai imepoa. Kakako bado ameshikilia mabati.

Kama kikao hicho kiko Lindi, mwambie: “Twende tuangalie vile vyumba viwili. Tutaziba paa na kuinua kizingiti, si zaidi ya hapo, halafu tuuze vikiwa na watu.” Kisha kesho asubuhi pitia kwa chifu kabla ya kupitia hadwea.

Kama kiko Gatina, mwombe mama ile bahasha ya kaki. Ifungue mbele ya wote, soma jina lililo kwenye hati kwa sauti. Kama ni jina la mtu aliye hai na aliye hapo chumbani, uzeni ilivyo. Kama ni jina la babu, basi mnajua pesa ya kwanza inaenda wapi, na mama ajue kwamba mahindi ya ushago yatangoja misimu kadhaa. Ni afadhali alisikie hilo leo, kwako, kuliko alisikie kwa wakili baada ya rangi kukauka.